Maswali ya Wasomaji: Kichocheo Kisichoisha katika Mmenyuko Huchakaaje?

Barua zilizoletwa kwenye safu hii kuhusu nishati ya haidrojeni zimekuwa nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, lakini nilipozipanga niligundua kuwa zaidi ya nusu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti, nalo ni namna ya kuvifanya vichocheo vya kuzalisha gesi hiyo vidumu. Nimechagua barua nane. Baadhi nimezijibu kwa kirefu kwa sababu jambo lenyewe lina mizizi mirefu. Nyingine hazikuhitaji zaidi ya aya moja.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Kila mwaka huwa ninawaambia wanafunzi kuwa kichocheo huharakisha mmenyuko na chenyewe hubaki kama kilivyokuwa. Safari hii mwanafunzi mmoja ameniuliza: ikiwa ni hivyo, mbona viwanda vya haidrojeni hununua vichocheo vipya? Sikuwa na jibu la kumridhisha.

Mwanafunzi wako ameona ufa ambao wengi wetu tuliupita bila kuutazama. Maelezo ya kitabuni si ya uongo, ila yanahusu hesabu ya mmenyuko peke yake. Berzelius, mkemia wa Uswidi aliyelipa jambo hili jina mwaka 1835, alikuwa akieleza vitu vinavyosababisha mabadiliko kwa vingine bila vyenyewe kuingia katika zao, na hesabu hiyo ingali sahihi: atomu ya nikeli inayosaidia kuvunja molekuli ya methani, iliyo katika gesi asilia, haiondoki pamoja na haidrojeni inayotoka. Lakini bawaba ya mlango nayo haiingii ndani ya nyumba pamoja na mgeni, na bado hulika. Kila mara atomu ya kichocheo inapokamata molekuli na kuiachilia, kuna uwezekano mdogo sana kwamba jambo la kando litatokea, na uwezekano mdogo ukirudiwa mara mamilioni huwa ni hakika.

Waeleze wanafunzi kuwa kazi yote hufanyika usoni mwa kichocheo, na atomu zilizo ndani ya punje hazina mchango wa moja kwa moja. Ndiyo maana watengenezaji huifanya metali kuwa chembe ndogo mno na kuzitandaza juu ya kitu chenye vinyweleo vingi. Uso huo unaweza kufunikwa na kitu kigeni kama salfa au masizi ya kaboni. Unaweza kupungua kwa sababu chembe zimepashwa joto zikaungana na kuwa chache na kubwa. Unaweza kuyeyuka na kwenda na maji. Au unaweza kubanduka tu, kama rangi ukutani, kwa kusukumwa na mapovu ya gesi yanayozaliwa chini yake. Kichocheo kimoja hakifi kwa njia zote hizo kwa pamoja, na fundi anayetaka kukirefushia umri lazima kwanza ajue ni ipi inayokiua, kwa kuwa dawa ya njia moja mara nyingine huichochea nyingine.

Nimesoma kuwa mitambo ya kisasa ya kutenganisha maji hutumia iridiamu, metali iliyo adimu kuliko dhahabu. Kwa nini wahandisi wasitumie nikeli au kobalti, ambazo ni nyingi?

Wanazitumia, ila katika mtambo wa aina nyingine. Katika mitambo ya alikali, ambamo elektrodi, yaani vipande vinavyopitisha umeme, huzama ndani ya myeyusho wa haidroksidi ya potasiamu wa asilimia 25 hadi 30, nikeli imefanya kazi kwa miongo mingi bila manung'uniko makubwa. Tatizo liko kwenye mitambo ya utando unaopitisha protoni, ambayo hupendwa kwa sababu ni midogo na hukubali mabadiliko ya haraka ya umeme. Utando huo ni asidi kali, na upande wa anodi, ambako oksijeni hutoka, kuna volti inayong'oa elektroni kutoka karibu kila metali inayowekwa hapo. Nikeli na kobalti huyeyuka. Rutheniamu huchangamka kuliko iridiamu yenyewe, lakini haichukui muda hugeuka kuwa oksidi inayotoroka. Iridiamu hustahimili kwa sababu hujivika oksidi yake na kutulia ndani yake, ingawa hata hiyo hupoteza atomu chache kila siku.

Dunia huzalisha takriban tani 7 hadi 8 za iridiamu kwa mwaka, nyingi zikitoka Afrika Kusini, na huipata kama zao la kando la platinamu, kwa hiyo bei yake ikipanda hakuna mgodi unaoweza kuamua kuchimba iridiamu peke yake. Wahandisi wamejibu kwa kupunguza kiasi kinachopakwa, kutoka miligramu 1 au 2 kwa kila sentimita mraba hadi sehemu ndogo ya hiyo. Ni jambo la busara, lakini lina gharama isiyotajwa sana: ukipunguza kiasi mara kumi na ukataka mtambo udumu miaka ileile, umeitaka kila atomu iliyobaki ivumilie mara kumi zaidi. Kubana matumizi na kurefusha umri ni mapacha ambao hawaachani.

Kwa upande wa metali za bei nafuu, mfano unaonivutia zaidi ni wa manganizi. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi ya RIKEN nchini Japani walionyesha kuwa oksidi ya manganizi inaweza kutoa oksijeni ndani ya asidi kwa zaidi ya saa 8,000, jambo ambalo kemia ya kawaida ingelikataa. Siri yao haikuwa metali mpya. Walichunguza kwa makini ni kwa volti gani manganizi huanza kugeuka kuwa ioni ya pamanganeti, ambayo huyeyuka na kuyapa maji rangi ya zambarau, kisha wakaiendesha elektrodi chini kidogo ya kizingiti hicho, ambacho kilikuwa karibu na volti 1.75 zikipimwa dhidi ya elektrodi rejeleo ya haidrojeni. Ndani ya dirisha hilo jembamba kichocheo kiliishi. Nje yake kingekufa. Ni kweli kwamba mkondo wao ulikuwa miliampea 10 kwa sentimita mraba, na mitambo ya kibiashara ya aina hii huendeshwa kwa 1,000 hadi 2,000 au zaidi, hivyo pengo bado ni kubwa. Hata hivyo jaribio hilo limenifundisha kuuliza swali tofauti: si metali gani inadumu, bali metali hii inadumu katika mazingira gani.

Kampuni yetu inataka kununua mtambo mdogo wa elektrolisisi, yaani wa kutenganisha maji kwa umeme. Muuzaji anasema kichocheo chake kimejaribiwa kwa saa 1,000 bila kuonyesha dalili ya kuchoka. Je, tumwamini?

Mwaminini, lakini msitosheke. Saa 1,000 ni siku 42 hivi, ilhali mtambo wa kibiashara hutarajiwa kufanya kazi saa 60,000 au zaidi, ambazo ni karibu miaka 7 mfululizo. Uchakavu wa mitambo hii hupimwa kwa mikrovolti kwa saa, yaani volti ya ziada ambayo seli huhitaji ili kupitisha mkondo uleule. Tuseme kiwango ni mikrovolti 5 kwa saa. Baada ya saa 1,000 mtaona ongezeko la milivolti 5, ambalo hupotea kabisa ndani ya mabadiliko ya kawaida ya joto la maji. Baada ya saa 60,000 mtaona volti 0.3. Kila volti 1 kwenye seli hugharimu takriban kilowati-saa 26.6 kwa kila kilo ya haidrojeni. Seli iliyoanza kwa volti 1.9, ikila kilowati-saa 50 na ushei kwa kilo, sasa itakula karibu 58.5. Gesi inatoka ileile, lakini bili ya umeme imepanda kwa asilimia 16 bila kengele yoyote kulia.

Kwa hiyo mwulizeni muuzaji mkondo uliotumika, joto lililotumika, na kama umeme ulikuwa tulivu au wa kuwashwa na kuzimwa. Kisha mwulizeni swali ambalo wauzaji wengi hawalitarajii: maji yaliyotoka mtamboni yalipimwa metali iliyoyeyuka? Kichocheo kilichopakwa kwa unene kinaweza kupoteza nusu ya mwili wake huku volti ikibaki tulivu, kwa kuwa kilichobaki bado kinatosha, halafu siku moja kikaanguka ghafla. Maabara makini huhesabu molekuli ngapi za oksijeni zimezalishwa kwa kila atomu moja ya iridiamu iliyoyeyuka. Namba hiyo husema ukweli mapema kuliko volti.

Tunatumia maji ya kisima yaliyochujwa vizuri, ni masafi kwa macho na yanafaa kunywa. Kwa nini fundi anakataa kuyaweka kwenye mtambo?

Fundi wenu ana haki. Maji yanayofaa kunywa yana kalisi, magnesi, sodiamu na mara nyingi chuma kidogo, na hizo zote ni ioni zenye chaji chanya ambazo huingia kwenye utando na kukaa katika nafasi zilizokusudiwa kupitisha protoni. Ukinzani hupanda. Kalisi na magnesi huweza kuganda kwenye kathodi, upande ambako haidrojeni hutoka, kama ukoko wa birika, na chuma huleta balaa zaidi kwa sababu kikikutana na haidrojeni peroksidi inayozaliwa humo kwa kiasi kidogo, huzaa chembechembe kali zinazotafuna utando wenyewe. Kilo moja ya haidrojeni huhitaji angalau lita 9 za maji, hivyo uchafu mdogo hujilimbikiza upesi. Tafuteni maji ambayo upitishaji wake wa umeme uko chini ya mikrosimensi 1 kwa sentimita, na watengenezaji wengi hutaka chini ya 0.1. Msisahau kuwa mabomba na pampu nazo hutoa ioni. Ndiyo maana mtambo mzuri huwa na chujio la resini kwenye mzunguko wa maji wenyewe, likiwekwa kwenye tawi lililopozwa kwa kuwa resini hazipendi joto kali.

Ninasimamia mtambo wa alikali uliounganishwa na umeme wa jua. Mtambo wa aina hiyohiyo, unaotumia umeme wa gridi, umefanya kazi miaka mingi, lakini wangu umeanza kuchoka mapema ingawa saa zake za kazi ni chache. Nimeambiwa kosa ni la kichocheo. Je, ni kweli?

Ningeanza kwa kukitetea kichocheo. Mtambo wako haukuchoshwa na saa za kazi bali na saa za mapumziko, na jambo hili huwashangaza hata wahandisi waliokulia katika viwanda vinavyoendeshwa usiku na mchana.

Seli za mtambo wako zimepangwa kama vitabu kwenye rafu, na kati ya seli moja na nyingine kuna bamba la metali ambalo upande wake mmoja ni anodi ya seli hii na upande wa pili ni kathodi ya seli jirani. Mtambo ukiwa kazini, upande wa anodi huvikwa oksidi ya nikeli iliyojaa oksijeni, na upande wa kathodi hushiba haidrojeni. Umeme ukikatika, bamba hilo hubaki likiwa betri iliyochajiwa, na kwa kuwa seli zote hunywa myeyusho kutoka mabomba yaleyale, mkondo hupata njia ya kurudi kinyume kupitia humo. Betri hiyo hujimaliza yenyewe. Kathodi, ambayo iliundwa kuishi katika mazingira ya kupokea elektroni, hujikuta ikinyang'anywa elektroni hadi nikeli yake inageuka kuwa haidroksidi. Asubuhi jua likirudi, hugeuzwa tena kuwa metali. Kila mzunguko hulivimbisha na kulisinyaza tabaka la juu, hasa lile la nikeli yenye vinyweleo vingi ambalo ndilo kichocheo chenyewe, na baada ya mizunguko mia kadhaa hupasuka na kumomonyoka. Mtambo wa jua huzimwa angalau mara moja kila siku, na siku za mawingu mara nyingi zaidi; ule wa gridi huenda umezimwa mara chache tu kwa mwaka, wakati wa matengenezo.

Viwanda vinavyotengeneza klorini na soda kali kwa umeme vimelijua tatizo hili zamani, na dawa yao unaweza kuiazima: mkondo mdogo wa ulinzi, sehemu ndogo sana ya mkondo wa kawaida, unaoendelea kupita wakati mtambo umepumzika ili kathodi isipoteze hali yake. Betri ndogo hutosha kwa kazi hiyo usiku. Ikiwa huwezi kuweka mkondo wa ulinzi, unaweza kumwaga myeyusho kutoka kwenye seli mapema baada ya kuzima ili njia ya mkondo kinyume ikatike, au kuupoza, kwa kuwa joto huharakisha uharibifu. Wapo pia watengenezaji wanaopaka kathodi tabaka la ziada linalojitoa mhanga, yaani linalooksidika kwanza kabla ya kichocheo na hivyo kuchukua pigo.

Usijaribu kuepuka kuzima kwa kuuendesha mtambo kwa mkondo mdogo mno. Chini ya kiwango fulani, ambacho kwa mitambo mingi ya alikali ni kati ya asilimia 10 na 40 ya uwezo wake, oksijeni inayozalishwa huwa kidogo kiasi kwamba haidrojeni inayovuja kupitia kitenganishi huchukua sehemu kubwa ya mchanganyiko; ikifika asilimia 4 ndani ya oksijeni huweza kulipuka, na mitambo mingi hujizima yenyewe ikifika asilimia 2. Kama ungenialika kwenye kikao cha bajeti, ningependekeza kununua betri ya kulainisha mabadiliko ya jua kabla ya kununua kathodi mpya.

Wasomaji wenye mitambo ya utando wasidhani wamepona. Huko, mtambo ukizimwa, haidrojeni hupenya utando na kufika anodi, ambako huivua iridiamu koti lake la oksidi na kuiacha metali tupu. Mtambo ukiwashwa tena, iridiamu hiyo tupu huoksidika upya na katika kufanya hivyo huyeyuka kwa kasi kubwa kuliko iliyokuwa ndani ya koti lake. Oksidi ya iridiamu iliyochomwa kwa joto kali hadi ikapata mpangilio imara wa fuwele huvumilia zaidi, ingawa huwa mvivu kidogo. Kwa mtambo wa jua ningemchagua mvivu huyo.

Kiwanda chetu hutoa haidrojeni kutoka kwenye gesi asilia kwa mvuke. Kichocheo cha nikeli kilichotarajiwa kudumu miaka mitano kimekufa ndani ya miaka miwili. Tulianza kuona mistari myekundu kwenye mabomba ya tanuri. Tumekosea wapi?

Mistari hiyo myekundu ni barua iliyoandikwa na kichocheo chenyewe. Mmenyuko wa methani na mvuke hunyonya joto kwa wingi, kwa hiyo mahali ambapo kichocheo kiko hai bomba hubaki na rangi iliyofifia, na mahali kilipokufa joto la tanuri hukosa wa kulinyonya na bomba huwaka. Msilichukulie kuwa tatizo la kichocheo peke yake: mafundi wa tanuri hukadiria kuwa nyuzi 20 za ziada kwenye ukuta wa bomba huweza kupunguza umri wake kwa nusu, na bomba ni ghali kuliko vidonge vilivyomo.

Tazameni kwanza mistari iko wapi. Ikiwa imeanzia juu, gesi inakoingia, mshukiwa wa kwanza ni salfa. Nikeli huipenda salfa kuliko inavyoipenda methani, na sehemu moja tu katika milioni ndani ya gesi hutosha kufunika sehemu kubwa ya uso wake, hasa penye joto la chini. Kabla ya tanuri mnapaswa kuwa na hatua mbili: kichocheo cha kobalti na molibdeni kinachogeuza misombo ya salfa kuwa salfidi ya haidrojeni, kisha kitanda cha oksidi ya zinki kinachoikamata. Kitanda hicho hujaa. Wengi hukibadilisha kwa kalenda, ilhali gesi haisomi kalenda. Siku mgavi alipobadilisha kisima, salfa huenda iliongezeka maradufu na kitanda kikajaa kabla ya tarehe yake. Pimeni gesi inayotoka kwenye kitanda mara kwa mara na mhakikishe iko chini ya sehemu 0.1 katika milioni.

Salfa ikishatua, msiba wa pili hufuata, kwa kuwa methani isiyovunjwa mapema hufika kwenye sehemu za joto zaidi na kuacha kaboni. Kaboni hii si masizi ya kufutwa. Huota kama unywele kutoka chini ya chembe ya nikeli, ikaiinua na kuing'oa kwenye kiti chake, na mwishowe huweza kuvunja kidonge kizima. Kinga yake ni mvuke wa kutosha, kwa kawaida molekuli 3 hivi za mvuke kwa kila atomu ya kaboni, pamoja na kichocheo chenye potasiamu kidogo kwenye theluthi ya juu ya bomba. Kagueni kumbukumbu zenu za kuwasha na kuzima. Mara nyingi madhara ya mwaka mzima hupatikana katika dakika chache ambazo mvuke ulikatika huku gesi ikiendelea kuingia.

Kuhusu joto kupita kiasi, kuna kanuni ya kukadiria ambayo ni rahisi kukumbuka: chembe za metali huanza kutembea na kuungana karibu na nusu ya joto lake la kuyeyuka, likihesabiwa kwa kelvini. Kwa nikeli hiyo ni takriban nyuzi 590 za Selsiasi, kwa hiyo ndani ya tanuri lenu inaungana siku zote na kinachoizuia ni kiti imara cha alumina (oksidi ya alumini) chini yake. Kwa shaba iliyo kwenye hatua ya baadaye ya kugeuza monoksidi ya kaboni, ni nyuzi 405 hivi, na huanza kudhoofika mapema kuliko hapo; ndiyo maana hatua hiyo huendeshwa karibu na nyuzi 200 na haisamehe mtu anayeipandisha ili kuharakisha kazi.

Jambo moja la usalama, ingawa hamkuuliza: mnapopoza kichocheo cha nikeli, ondoeni gesi yote yenye monoksidi ya kaboni kabla joto halijashuka chini ya nyuzi 200. Nikeli na gesi hiyo, katika baridi ya kiasi hicho, huzaa nikeli kabonili, sumu kali inayoelea hewani, na wakati huohuo metali yenu huondoka nayo.

Shikamoo mwandishi. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Nimetengeneza kifaa cha kutenganisha maji kwa kutumia risasi za penseli, maji ya chumvi na betri ya volti 9. Baada ya muda maji yanakuwa meusi, risasi moja inalika, na kuna harufu kama ya dawa ya kuogelea. Nifanyeje elektrodi zidumu?

Marahaba. Umefanya jaribio zuri, lakini lizime kwanza ufungue madirisha. Harufu hiyo ni ya klorini inayotoka kwenye chumvi, na si gesi ya kuchezea. Badala ya chumvi ya mezani tumia magadi ya sodiamu, ambayo hayana klorini.

Risasi ya penseli si risasi ya kweli. Ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Inayolika ni ile iliyounganishwa na upande chanya, kwa sababu oksijeni inayozaliwa hapo huishambulia kaboni na kuigeuza dioksidi ya kaboni, na vipande vinavyobanduka ndivyo vinavyoyatia maji weusi. Ile ya upande hasi iko salama, sivyo? Sasa fikiria volti zako. Maji huhitaji angalau volti 1.23 ili yatengane, na kifaa kama chako kinaweza kufanya kazi kwa volti 2 hadi 3. Zote zinazozidi hapo huchemsha maji na kuila anodi yako. Tumia betri mbili za volti 1.5 zilizofuatana, uone tofauti. Usije ukashawishika kuweka kijiko cha chuma kisichoshika kutu upande chanya, kwa maana kinaweza kuachia misombo ya kromiamu yenye sumu. Ukipata kipande cha nikeli safi, kiweke hapo mbele ya mwalimu wako. Na haidrojeni unayoipata usiikusanye kwenye chupa iliyofungwa pamoja na oksijeni.

Je, kichocheo kilichokufa kinaweza kufufuliwa, au ni lazima kitupwe?

Inategemea kilikufa vipi. Kilichofunikwa huweza kuvuliwa: kaboni kwenye nikeli huondolewa kwa mvuke na hewa kidogo, kwa uangalifu ili moto usiunguze kiti chake, na ioni zilizokaa kwenye utando mara nyingine huoshwa kwa asidi. Salfa kwenye nikeli hutoka kwa mvuke wa joto kali, ingawa kazi hiyo huchukua muda na mara nyingi huacha majeraha. Chembe zilizoungana kwa joto ni vigumu mno kuzitenganisha tena zikiwa ndani ya tanuri. Kipo kichocheo kimoja kinachojiponya kikiwa kazini, nacho ni kile cha kobalti na fosfeti ambacho Matthew Kanan na Daniel Nocera walikieleza mwaka 2008: kobalti inayoyeyuka humo hurudi na kutua tena kwenye elektrodi maadamu umeme unapita na fosfeti ipo. Ni wazo zuri mno, ila hufanya kazi penye maji yasiyo na asidi kali, na kwa hiyo halijaiondolea iridiamu kiti chake.

Kuhusu kutupa, vidonge vya nikeli vilivyotoka tanurini hununuliwa na wayeyushaji, lakini lazima vioksidishwe polepole kabla ya kutolewa, la sivyo hushika moto vyenyewe vikikutana na hewa. Iridiamu ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa haiyeyuki hata katika mchanganyiko wa asidi ya naitriki na asidi ya haidrokloriki unaoyeyusha dhahabu. Tena utando ulioibeba una florini, na ukichomwa ovyo hutoa haidrojeni floridi, gesi inayounguza mapafu. Msiuchome wenyewe. Ufungeni ukiwa na unyevu wake na mwupeleke kwa wanaorejeleza metali za kundi la platinamu, na kabla hamjauuza pimeni uzito wa iridiamu iliyobaki. Tofauti kati ya uzito huo na ule wa siku mliponunua ndiyo itakayowaambia kama mtambo wenu ulikuwa ukiiyeyusha iridiamu au ukiifunika tu, nanyi mtajua mahali pa kuanzia na mtambo unaofuata.